Tunamtafuta mpigaji wa pili

Barua ya wazi kwa walimu wa muziki wa watoto wadogo, majirani wa Afrika Mashariki na wenzetu wa ng'ambo

Walimu wenzangu,

Wakubwa zangu wa Pwani, shikamooni. Wengine wote, habari za kazi na za watoto. Hapa Buganda salamu haiishi upesi hivyo. Mtoto hupiga magoti, huulizwa ameamkaje, naye huuliza, na wakubwa wakishamaliza maneno hubaki wakipokezana mguno mfupi, mmm, mmm, huyu kisha yule, mpaka mmoja aache. Nimefundisha muziki wa nasari miaka kumi na tisa na sijapata somo la kwanza linaloshinda hilo. Mtoto wa miaka mitatu anajua kungoja zamu yake katika mapigo kabla hajaweza kuhesabu hadi tano.

Ninawaandikia kutoka Nsambya, kilima cha Kampala ambacho wazee husema kilipewa jina na misambya, miti iliyokuwa imejaa hapa. Mti huo nitaurudia. Kiswahili nimekichagua makusudi. Nilikiokota katika kambi ya polisi ya hapahapa, baba akiwa konstebo, enzi ambazo Kampala hii Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki. Kikisikika mlangoni usiku, mama anazima taa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, na tangu hapo watu wanaulizana walimu watatoka wapi. Darasani kwangu hatukungoja jibu. Watoto waliokimbia na mama zao kutoka Goma na Bukavu wamekuja nacho, kimo ndani ya michezo yao ya makofi, na watoto wa Kiganda wanakiimba bila kujua kwamba bibi zao walikiogopa.

Lililonishikisha kalamu ni hili.

Miaka sita iliyopita shule yetu ililetewa sanduku. Waliolituma ni watu wema wa mbali, sitawataja, na sina ugomvi nao. Ndani mlikuwa na marimba sita ndogo za watoto, mbao nyororo, kila kipande kimebandikwa herufi, pamoja na kitabu cha maelekezo chenye picha za watoto waliokaa juu ya zulia. Sisi tuna mkeka, na chini ya mkeka vumbi jekundu. Nilifurahi hata nikalala na kitabu kile kitandani. Nikaanza kufundisha ukurasa kwa ukurasa, kama wanavyofundisha huko, na mkurugenzi wetu akawaleta wazazi waone.

Wiki ya tatu, mtoto mmoja wa mido (madarasa yetu ya chekechea tunayaita beibi, mido na topu) akawa anaimba wimbo aliofundishwa na babu yake, mpiga ndingidi (zeze la Kiganda) wa Kayunga, huku akizitafuta sauti zake kwenye marimba. Akapiga kipande kimoja, akakunja uso. Akapiga kilicho kando yake, akakunja uso tena. Sauti aliyokuwa nayo kooni ilikaa katikati ya vipande viwili. Nikamwambia, "Mwanangu, sikiliza chombo, ukifuate." Akanyamaza. Muhula mzima hakuuimba tena wimbo ule mbele yangu.

Mgeni pale alikuwa chombo. Marimba ya Kiganda, amadinda, huigawa ngazi ya sauti katika hatua tano zinazokaribia kulingana, na piano huigawa ngazi hiyohiyo katika hatua kumi na mbili. Kumi na mbili haigawanyiki kwa tano bila kubaki kitu, kwa hiyo sauti nyingi za mzee mwenye ndingidi huangukia kwenye nyufa za kinanda. Haya yote niliyasoma chuoni, nikayajibia mtihani, nikapata alama nzuri, kisha nikamsahihisha mtoto aliyekuwa anaimba sawasawa. Kosa ni langu, hawahusiki waliotuma sanduku. Ninalitoa hadharani kwa sababu naamini sipo peke yangu, na kwa sababu katika barua na semina zote nilizowahi kupata kutoka nje, hakuna aliyeniuliza watoto wangu wanaimba kwa ngazi gani.

Hata sanduku lenyewe lina ukoo. Mwaka 1924, kule Munich, Dorothee Günther alifungua shule ya mwendo na dansi, na Carl Orff akawa mwalimu wa muziki. Katika kutafuta vyombo ambavyo mwanafunzi asiyejua noti angeweza kuvipiga siku ya kwanza, alivutiwa na marimba ya Kiafrika iliyomfikia mkononi, na fundi wa vinanda Karl Maendler akamtengenezea za namna hiyo. Marimba za watoto zinazouzwa leo dunia nzima zinatoka katika ukoo huo. Kwa hiyo kitu cha Afrika kilikwenda kuzunguka huko, kikapigwa randa, kikabandikwa herufi, kikatua Nsambya kikiitwa msaada. Nikiwasimulia walimu wenzangu hapa hucheka hadi machozi. Mimi pia hucheka, ingawa si kila siku.

Mniruhusu niwaonyeshe amadinda yenyewe, maana ndiyo hoja yangu yote.

Asubuhi tunakata mashina mawili ya mgomba na kuyalaza chini sambamba. Juu yake tunapanga vipande kumi na viwili vya mti wa msambya, huo niliowaambia, na kati ya kipande na kipande tunachomeka vijiti katika shina bichi ili visikimbie vikipigwa. Utomvu wa mgomba hutia madoa ambayo hayatoki, kwa hiyo mama wa watoto hunilaumu mimi kwa kila sare iliyoharibika. Wapigaji ni watatu. Omunazi huanza na kushika mwendo sawa. Omwawuzi humkabili na kuingia katika nafasi zilizobaki, kila pigo lake katikati ya mapigo mawili ya mwenzake, kwa kasi ileile. Ukimsikiliza mmoja peke yake, hupati wimbo. Wimbo unazaliwa pale wanapoingiliana. Wa tatu, omukoonezi, ana vipande viwili tu vya juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza sauti mbili za chini kabisa zinavyojitokeza katika mchanganyiko ule, na kuzirudia huko juu. Hapigi chochote ambacho wenzake hawajakitoa. Nimewaona wanamuziki wa vyuo vikuu wakitoka jasho kwenye nafasi hiyo ya vipande viwili.

Mtoto wa topu hawezi kufikia kasi ya wakubwa, nami simtaki aifikie. Natumia vipande vinne na watoto wawili. Wa kwanza hana taabu. Wa pili ndiye huvutwa: anaanza vizuri katikati, anasogea, anasogea, ghafla anapiga pamoja na mwenzake, na kilichokuwa kinazaliwa kimekufa. Miaka mingi nilimwambia ahesabu. Nilimwambia afumbe macho. Nilimshika mkono, jambo ambalo ni baya zaidi, kwani sasa anayepiga ni mimi.

Jibu lilitoka Kisumu. Nilikutana na mwalimu mmoja wa chekechea wa huko msibani, Tororo, usiku, tukiwa tunamenya matooke kwa ajili ya waombolezaji. Tulianza kwa kulalamikia mishahara, kama kawaida, na katikati ya malalamiko nikamweleza tatizo la mtoto wa pili. Akafuta kisu kwenye jani la mgomba, akasema: "Dada, usimpe namba. Mpe nusu ya neno." Wa kwanza kila akipiga aseme *ki*. Wa pili kila akipiga aseme *ti*. Kila mmoja ana nusu isiyo na maana, na kati yao kuna kiti, kiti, kiti. Jumatatu nikajaribu. Wale wawili walishikilia dakika nzima bila kuvutana. Kisha yule wa *ti* akagundua kwamba ukianzia kwake linakuwa tiki, akaanguka kwa kicheko, na somo likavunjika. Tangu hapo sijarudi kwenye kuhesabu.

Huo ndio msaada ninaouzungumzia. Uligharimu nauli ya kwenda msibani. Haukuja na nembo, wala hakuna aliyetupiga picha tukiupokea. Lakini ni jambo ambalo mtu hawezi kukupa mpaka umwambie wazi pale unaposhindwa, na yeye awe amewahi kushindwa palepale.

Nchi hii ina historia ya ufundishaji wa namna hiyo, na mwelekeo wake huwashangaza wageni. Evaristo Muyinda alikuwa mpigaji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, tena mwalimu wa kweli. Katika Makumbusho ya Uganda, ambako Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyeikimbia nchi yake chini ya Wanazi, alikuwa mtunzaji tangu 1948 hadi 1957, Muyinda aliketi na kuwapigia na kuwaonyesha waliotaka kujua. Mwaka 1959 akafika kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, akaketi chini kama mwanafunzi. Kubik akaja kuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika duniani. Kisha ikaja Mei 1966. Jeshi likavamia ikulu ya Mengo, ngoma na vyombo vya kifalme vikaharibiwa, wapigaji wakatawanyika vijijini kwao. Mwaka uliofuata falme zikafutwa na zikabaki zimefutwa hadi 1993. Yaliyookoka yaliokoka kwa sababu watu kama Muyinda walikuwa wamewafundisha wengi, wa nyumbani na wa mbali, kabla moto haujawaka. Rekodi alizofanya Wachsmann zilihifadhiwa London, na nakala zimerudi Makerere, katika hifadhi yenye jina lake iliyofunguliwa 2009. Mtoto aliyerekodiwa akiwa na miaka mitano mwanzoni mwa miaka ya hamsini alikuwa na zaidi ya sitini siku hiyo.

Kwa hiyo wenzangu wa ng'ambo, mkija na vinasa sauti vyenu, nakala iachwe shuleni wiki hiyohiyo. Mama zao waulizwe kwanza. Na liandikwe jina la bibi aliyeuleta wimbo darasani, maana huwa kuna bibi, hata pale mnapoandika tu kwamba ni wimbo wa asili wa Uganda.

Nisiwaonee ninyi peke yenu. Sisi wa hapa tuna ugonjwa wetu, na jina lake ni kikombe. Walimu wa muziki wa Uganda tunakutana hasa katika mashindano ya muziki, dansi na drama ya mashule, tukiwa tumevaa fulana za shule, kila mmoja ameficha wimbo wake kama mpishi anayeficha viungo. Nimewahi kufunga madirisha ya darasa, jua la Februari likiwa kali, ili shule ya jirani isisikie tunachofanyia mazoezi. Walikuwa watoto wa miaka sita. Nasari nazo zimeambukizwa. Siku ya mahafali ya topu, watoto wakiwa na majoho na kofia za chuo kikuu, hupimwa kwa ukubwa wa spika na idadi ya nyimbo za Kiingereza. Mzazi amelipa, kwani chekechea kwetu karibu zote ni za watu binafsi na elimu ya bure ya mwaka 1997 ilianzia darasa la kwanza. Anataka aone alicholipia. Siwezi kumlaumu. Naweza kumlaumu mwalimu mwenzangu wa mtaa wa pili ambaye tangu mwaka 2011 tunasalimiana tu sokoni, na ninajua kwa hakika kwamba watoto wake wa pili wanavutwa kama wangu.

Kuna wakati mmoja tu ambao madirisha yalifunguka. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga kwa muda mrefu hivyo. Shule za binafsi hazikuwa na karo, kwa hiyo hazikuwa na mishahara. Mimi niliuza mkaa. Mwenzangu wa beibi alikaanga kabalagala kando ya barabara ya Ggaba, na mwanamume pekee katika idara yetu alichukua bodaboda na hakurudi ualimu. Katika miezi hiyo tulitumiana sauti kwa simu: wimbo mmoja, dakika moja, ukiwa na kelele za kuku ndani yake. Hakukuwa na kikombe cha kugombania. Niliupata hapo wimbo wa kubembeleza kutoka Arua na mchezo wa vidole kutoka Fort Portal ambao bado ninautumia, na walioniletea sijawaona kwa macho. Shule zilipofunguliwa tukarudi kwenye kufunga madirisha.

Mniambiapo "jiunge nasi mtandaoni", mjue pia njia yenyewe ilivyo. Kuanzia Julai 2018 hadi katikati ya 2021 tulitozwa shilingi 200 kwa siku ili kufungua mitandao ya kijamii. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka iliyofuata. Video ya dakika arobaini kuhusu muziki wa watoto wachanga, yenye picha safi, inakula bando langu la wiki. Sauti ya dakika moja hainiumizi.

Na mikutano. Jumuiya ya kimataifa ya elimu ya muziki, ISME, ilizaliwa Brussels mwaka 1953 na ina kamisheni yake maalumu ya watoto wadogo. Mkutano wake wa dunia ulifika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, Pretoria. Ule wa 2024 ulikuwa Helsinki. Tangu Juni mwaka huo ada ya kuomba viza ya Schengen ni euro 90, nayo hairudishwi ukinyimwa. Kwa wenzangu wengi hiyo ni zaidi ya mshahara wa mwezi. Sisemi msikutane Helsinki. Ninasema basi la Kisumu huondoka Kampala kila siku, mpakani Busia kitambulisho cha taifa kinatosha, na bado ninawajua kwa majina walimu wengi wa Austria na Kanada kuliko wa Kisumu, Mwanza au Kigali. Hilo halikuletwa na viza. Tumezoea kutazama juu tunapotafuta mwalimu, na anayetazama juu hamwoni aliyeketi mbele yake.

Basi haya ndiyo ninayoomba. Walimu wa Kisumu, Mwanza, Mombasa, Kigali, na ninyi wa Bukavu mlio na nafasi ya kujibu: nitumieni mnaposhindwa. Nyimbo zenu nzuri nitazipata tu. Ninataka ule mchezo unaovunjika kila mara katika ubeti wa pili, yule mtoto asiyefungua mdomo, ile ngoma ambayo mvua imeilegeza na hamna fundi. Wa ng'ambo, kabla ya kutuma sanduku tuma swali, na ukijibiwa tuma lako. Najua nanyi mna taabu zenu. Mwalimu mmoja wa mbali aliwahi kuniambia kwa aibu kwamba watoto wake hawawezi kuimba wakicheza kwa wakati mmoja, kwamba mwili na sauti vimeachana. Hapa kwetu sijawahi kuona tatizo hilo hata siku moja. Ningeweza kumsaidia, lakini nilidhani anafanya unyenyekevu, nikamjibu kwa heshima na kunyamaza. Kama anasoma, dada, niwie radhi. Anza na salamu, na uwapigishe magoti.

Tarehe moja ya mwezi ujao nitawatumia wote walionipa namba zao sauti ya dakika mbili. Ni mtoto wa topu anayepiga sehemu ya omunazi, peke yake, vipande vinne, na kuku wamo. Sitatuma ya pili. Kaeni na watoto wenu, tafuteni nafasi zilizobaki, mnirudishie ya kwenu kama ilivyo, hata ikivutwa. Migomba niliyonayo imeanza kulainika na haitafika mwisho wa wiki, lakini jirani amekubali tukate mingine Jumatatu.

Mwalimu mwenzenu,
Nsambya, Kampala